Usimwambie Aliota: Namna ya Kuandika Ushuhuda wa Mambo ya Ajabu

Ijumaa ya tarehe 14 Agosti 1992, saa 9:40 alasiri, nilikuwa nyuma ya nyumba za reli hapa Mbale, Uganda, najitwisha ndoo ya maji, mbingu ikapasuka. Ulikuwa mlio wa radi na haukuwa radi. Ulivuma na kuvuma kama mabehewa matupu yanayopita darajani, kisha vikafuata vishindo vya vitu vinavyoanguka, kimoja hapa, kingine kule. Ndoo yote ilinimwagikia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza ni ndege gani hiyo, maana kwa watu wazima vita vilikuwa bado vya juzi. Mzee jirani yetu alikuwa tayari amepiga magoti uani kwake.

Kufika magharibi kila mlango ulikuwa na maelezo yake. Bomu. Laana. Kiama. Na huku wakubwa wakibishana, watoto walikuwa wanaokota mawe yenye ganda jeusi, na habari ikaenea kwamba mvulana mmoja amepigwa kichwani na kijiwe kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Wapo pia waliosaga mawe yale wakayafanya dawa ya UKIMWI, nami siwalaumu, kwani miaka ile kila ukoo ulikuwa na kaburi jipya.

Siku chache baadaye wakaja wataalamu. Ninachokumbuka mimi ni mgeni mmoja na kalamu yake, akimwomba yule mzee jirani asimame palepale aliposimama siku ile, kisha aoneshe kwa mkono sauti ilikotokea. Mzee akasema, "Mwenyezi Mungu alikuwa amekasirika." Mgeni hakumbishia wala hakumcheka. Aliangalia mkono umeelekea wapi, ukiwa umeelekea kusini, upande wa Tororo, akaandika.

Kwa mikono kama ule, na kwa mashimo waliyooneshwa mashambani, walipata sehemu 48 zilipotua mawe, dogo kabisa likiwa na uzito wa gramu 0.1 na kubwa kilo 27.4, katika eneo la kilomita 3 kwa 7. Hadi Oktoba 1993 walikuwa wamekadiria uzito wa mawe 863, na jumla ya yaliyookotwa ilifika kilo 150 hivi. Wakaweza kusema kwamba jiwe mama lilitoka angani upande wa kusini, likavunjika kabisa likiwa bado kilomita 10 hadi 14 juu ya vichwa vyetu. Leo kimondo cha Mbale kinajulikana dunia nzima, na kilijulikana hivyo kwa sababu kuna mtu aliyemsikiliza mzee aliyekuwa amepiga magoti.

Mimi sasa ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa na kaunta buku ninaloandikia mambo ambayo watu huniambia kwa sauti ya chini: mtu aliyekaliwa kifuani usiku, taa iliyotembea juu ya genge la Wanale, mlima ulio juu ya mji wetu, marehemu aliyekohoa. Walimu wenzangu huniuliza kama kweli sayansi inapaswa kupoteza muda na habari hizi. Nawajibu ndiyo, ipoteze muda mwingi, lakini ijue namna. Namna yenyewe ndiyo hii, kama nilivyojifunza, mara nyingine kwa kuharibu.

Kurasa mbili

Fungua kaunta buku hadi kurasa mbili zitazamane. Wa kushoto ni wa yaliyotokea, kwa maneno ya aliyeyapata. Wa kulia ni wa maelezo: yake, ya jirani, ya shehe, ya mchungaji, na yako wewe mwenye diploma. Sentensi yoyote inayoanza na "nadhani" au "ilikuwa ni" inakwenda kulia. "Nilisikia hatua tatu kwenye bati" inakaa kushoto. "Ni mzimu wa babu" inakwenda kulia. "Ni paka tu" nayo inakwenda kulia, palepale karibu na mzimu wa babu, kwa sababu wewe pia hukumwona paka.

Naona hapa ndipo wasomi wengi huanguka. Wakisikia maelezo wasiyoyakubali, hutupa na ukurasa wa kushoto. Kule Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, wazazi walisema watoto wao wanatikisa vichwa mfululizo, na wengi wakaona kutikisa huko kukianza chakula kikiwekwa mbele ya mtoto, au baridi ikizidi. Baadhi walisema ni cen, roho za waliouawa vitani. Mtu angeweza kusema ni imani za kijijini, akafunga faili. Lakini mtoto kutikisa kichwa mbele ya chakula ni jambo lililoonekana kwa macho, na madaktari walioliandika walifika kwenye kifafa cha aina yake, na kwenye uhusiano wa karibu na minyoo ya usubi inayoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito. Namna hasa minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo bado inajadiliwa. Wazazi walikuwa wameona sawasawa tangu mwanzo.

Wazungu nao walipitia hayohayo. Wasomi wengi wa Paris walikuwa wakiona kwamba mawe hayawezi kuanguka kutoka juu, ni porojo za wakulima. Tarehe 26 Aprili 1803 yakaanguka zaidi ya elfu mbili karibu na mji wa L'Aigle, na serikali ikamtuma kijana mmoja mwanafizikia, Jean-Baptiste Biot. Alikwenda kijiji kwa kijiji akiwauliza watu wa kazi mbalimbali wasiojuana. Maneno yao yalipolingana, na mawe yakiwa mkononi, ubishi ukaisha.

Mtu akikujia

Kaa chini kuliko yeye kama inawezekana. Mpe maji. Usifungue daftari mpaka amalize mara ya kwanza, halafu mwambie, "Sasa naomba tuanze tena polepole, niandike." Andika tarehe na saa ya tukio, tarehe na saa ya kuandika, na nani ameshaisikia habari hiyo kabla yako. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Habari iliyopita kwa watu wanne huwa imeshachongwa, hata kama mwenyewe ni mkweli kabisa.

Usiandike jina lake kamili. Mpe namba. Watu wamefukuzwa vijijini kwa kushukiwa uchawi, na daftari likipotea kwenye bodaboda usije ukawa umemponza mtu.

Mwache atumie lugha anayoota nayo. Hapa Mbale mtu anaweza kuanza kwa Kiswahili, akaingia Lumasaba anapofika penye hofu, kisha akarudi. Andika Lumasaba ilivyo, hata kama utaomba msaada wa kuitafsiri baadaye. Na neno lake usilibadilishe na la kitaalamu. Watu wa Goma na pande zile za Kivu wana neno mazuku, upepo mbaya unaoua watu na mbuzi kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri. Wanajiolojia waliolisikia hawakulitupa. Walikwenda kupima mabonde yale wakakuta hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini penye volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, imetulia kwenye mashimo kama maji kwenye beseni. Leo wataalamu wa volkano huandika mazuku katika majarida yao, neno letu hilohilo.

Kuona, na kuona

Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo ambalo sijaliona likifundishwa mahali popote na limeniponza.

Sisi katika Kiswahili tunaona baridi, tunaona njaa, tunaona uchungu, tunaona haya. Tunasikia harufu, tunasikia maumivu, tunasikia usingizi. Mtu akikuambia "niliona kitu kimekuja kitandani", bado hujui kama macho yalihusika. Akisema "nilimsikia ameingia", huenda sikio halikusikia lolote; alihisi tu kwamba chumbani yumo mtu. Ukiandika haraka utaandika kwamba kaona umbo, na mwaka ujao umbo hilo litakuwa na nguo.

Kwa hiyo uliza taratibu: "Uliona kwa macho, au ulihisi mwilini?" "Macho yalikuwa wazi? Ulikuwa unaona nini kingine, dari, dirisha, taa?" "Ulisikia kwa sikio lipi, la upande gani?" "Kama mimi ningekuwa pale, ningesikia?" Akikaa kimya akafikiri, mwache. Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo, na mara nyingi jibu huwashangaza wao wenyewe.

Usimpe jibu ndani ya swali

Miaka ya mwanzo nilifundisha shule moja ya bweni ya wasichana. Usiku mmoja wa Jumapili, kabla ya mitihani, mtoto wa kidato cha pili alipiga kelele. Nilifika na metroni, tochi mkononi. Mtoto anatetemeka, shuka limeloa jasho. Akasema, na sentensi hiyo naikumbuka kama ilivyo, "Madamu, sikuweza kusogea. Niliona uzito. Uzito ulikuwa na hasira."

Metroni akamuuliza, "Alikuwa mwanamke? Alivaa nguo nyeupe?" Nami, Mungu anisamehe, nikamulika dirisha lililokuwa wazi nikauliza, "Alipitia pale?" Mtoto akatazama dirisha. Akaitikia kwa kichwa. Kitanda cha pili, cha tatu, wote walikuwa macho wanasikiliza.

Asubuhi kwenye uji, wasichana saba walikuwa wamemwona mwanamke wa nguo nyeupe akipitia dirisha lile. Jumatano watatu walianguka gwaride la asubuhi wakipiga kelele. Alhamisi wazazi wakaja kuwachukua watoto, na shule ikafungwa wiki nzima. Mtoto wa kwanza alianza kuitwa majina, na muhula uliofuata hakurudi. Kilichonibakia ni ile sentensi yake ya uzito, nayo niliiandika siku tisa baadaye, kwa kumbukumbu.

Laiti ningeuliza tu, "Halafu ikawaje?" Swali hilo moja linatosha kwa nusu saa ya mahojiano. "Halafu ikawaje?" "Kabla ya hapo?" "Uliendelea kuhisi mpaka lini?" Usitaje mwanamke, usitaje rangi, usitaje mlango.

Kilichompata mtoto yule kina jina la zamani kwetu: jinamizi. Tukiwa katika usingizi wa ndoto ubongo hufunga misuli ili tusirushe mikono na miguu kufuata ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa. Unaona chumba, husogei, pumzi inaonekana nzito, na ndoto inaendelea kumwagika juu ya chumba halisi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta takribani watu 8 kati ya 100 wamewahi kupatwa na hali hiyo, na kwa wanafunzi 28 kati ya 100. Kukosa usingizi huichochea, na kulala chali. Mtoto yule alikuwa akisoma kwa tochi chini ya blanketi tangu Alhamisi, kisha akiamshwa saa kumi alfajiri kwenda prepu, yaani kujisomea kabla ya vipindi. Hilo nililijua baadaye, kwa rafiki yake.

Na lile la wasichana saba lina historia yake. Tarehe 30 Januari 1962, kule Kashasha karibu na Bukoba, ng'ambo tu ya mpaka wetu, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha; kabla shule haijafungwa mwezi Machi walikuwa wamepatwa 95 kati ya 159. Miaka miwili baadaye Dk. Benjamin Kagwa aliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki kuhusu milipuko ya aina hii katika eneo letu. Watoto wale hawakuwa wakiigiza. Hofu huambukiza miili, na mwili huanguka kweli. Ndiyo maana wakiwa wengi inabidi uwatenganishe, umwandike kila mmoja peke yake, kabla hawajakaa meza moja. Yanayofanana baada ya uji hayana uzito wa yanayofanana kabla ya uji.

Kagua mahali, kisha mwili

Nenda mwenyewe mahali pa tukio, saa ileile ya tukio. Mchana hauna msaada mkubwa. Simama aliposimama, lala alipolala kama ameruhusu. Sikiliza. Popo wana milio mingi, bundi wanalia kama mtu anayekoroma, na huko Bundibugyo na msitu wa Kibale kuna perere, mnyama wa ukubwa wa sungura hivi, anayelia juu ya mti kama mtoto anayekabwa koo. Uliza kama kuna mashine ya kusaga karibu, jenereta, feni. Mwaka 1998 Vic Tandy wa Coventry, Uingereza, aliandika jinsi alivyoona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho katika maabara, akaja kugundua kwamba huenda kililetwa na feni mpya. Feni ilikuwa ikitoa mtikisiko wa mara 19 hivi kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio husikia. Watu bado wanajadili kama maelezo yake yanatosha, ila alikwenda kupima badala ya kukimbia au kucheka.

Juu ya vyote tafuta sigiri. Uliza mkaa unawashwa wapi, dirisha lina upana gani, nani mwingine anaumwa kichwa, na kama kichwa hupona mtu akitoka nyumbani. Tangu mwaka 1921 kuna taarifa ya kitabibu huko Marekani kuhusu familia iliyosikia hatua na kuona watu usiku katika nyumba yake, kumbe tanuri lilikuwa bovu na linamwaga kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina harufu, na inaua. Ukikuta sigiri chumbani, funga daftari, toa sigiri nje, fungua madirisha, na kama mtu analegea mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. Ushuhuda utasubiri.

Kuhusu mwili, uliza kwa upole na faraghani: homa, malaria ya karibuni, kifafa katika ukoo, pombe, siku ngapi hajalala, dawa gani. Kila aliyemeza kwinini anajua masikio yanavyolia. Efavirenz, dawa iliyokuwa katika ARV za watu wengi kabla ya kuja dawa ya dolutegravir, ilijulikana kwa kuleta ndoto kali. Majibu haya yaandike kwa namba tu. Kama hataki kusema, acha.

Mama wa Wanale

Mama mmoja mjane, anayeishi juu kule kwenye miteremko ambako mvua ya Aprili ina baridi ya mifupa, aliniletea habari kwamba mumewe anakohoa jikoni. Mume alikuwa na miezi mitano kaburini. Kikohozi chenyewe alikuwa akikisikia kwa masikio yote mawili, kutoka jikoni, mara mbili, kisha kimya. Na usiku kulikuwa na watu chumbani, hakuweza kusema wangapi.

Nilipanda kwake jioni. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa limezibwa kwa gunia na kitenge cha marehemu. Sigiri ilikuwa katikati ya vitanda viwili, makaa bado mekundu. Mjukuu alikuwa anaumwa kichwa kila asubuhi na anapona akifika shuleni. Nilitoa sigiri kabla ya kusalimiwa vizuri.

Nilirudi baada ya juma moja. Mtoto kapona. Watu wa chumbani wameondoka, usiku umekuwa wa kawaida. Nikashika kalamu niandike kwenye ukurasa wa kulia, nimefurahi. Mama akaniangalia akasema, "Lakini yule wa jikoni, madamu, sigiri haikumwondoa. Jana nilikuwa nachambua mchele, mchana kweupe, akakohoa. Huwa namjibu."

Nilifuta nilichokuwa nimeanza kuandika. Hadithi moja ilikuwa mambo mawili, na nilitaka kuyafunga yote kwa kamba moja. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha mahojiano yake na wajane na wagane 293 huko Wales: karibu nusu yao walikuwa wamehisi uwepo wa mwenzi aliyekufa, baadhi wakimwona, baadhi wakimsikia, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Waliopata hayo hawakuwa wagonjwa wa akili, na wengi waliona yanawafariji. Nilimsomea mama habari hiyo, nikiitafsiri. Aliuliza kama wale wa Wales nao huwajibu. Sikuwa na jibu la swali hilo. Nikaliandika kushoto, maana ni swali zuri ambalo mtafiti angefaa kuliuliza.

Ndoto na utabiri

Hapa kanuni ni moja: iandike kabla. Ndoto iliyosimuliwa baada ya msiba siiandiki kama utabiri, hata akiapa, hata akiwa mama yangu. Mwenye ndoto za kutimia mpe kijidaftari, aandike kila asubuhi, zote, zilizotimia na zisizotimia, na kila ukurasa uwe na tarehe na sahihi ya mtu wa pili.

Piga hesabu nami. Sensa ya mwaka 2024 ilitukuta milioni 45.9 hivi. Tuseme kila mtu anaota kifo cha ndugu mara moja tu katika miaka kumi. Basi kila usiku Waganda zaidi ya 12,000 wanaota msiba, na kila usiku wapo wanaokufa. Baadhi ya ndoto lazima ziangukie kwenye misiba. Mwenye ndoto iliyoangukia hatasahau maisha yake yote. Wengine wote watasahau kabla ya chai.

Mwaka 2011 profesa Daryl Bem wa Cornell, Marekani, alichapisha majaribio 9, yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai watu huhisi kidogo mambo yajayo. Wengine waliporudia hawakupata alichopata. Lakini madai yake yalichukuliwa kwa uzito, na mjadala uliofuata ni mojawapo ya sababu watafiti wengi wa saikolojia leo huandikisha mpango wao kabla ya kuanza jaribio. Yaani wanafanya kama yule mwenye kijidaftari cha ndoto.

Kinachobaki

Katika kaunta buku langu yapo matukio ambayo ukurasa wa kulia ni mtupu. Usiujaze kwa aibu. Kwa miaka mingi marubani walisimulia mimweko myekundu inayoruka juu ya mawingu ya radi kuelekea anga za juu, na wengi walinyamaza wasije wakaonekana hawafai kurusha ndege. Tarehe 6 Julai 1989 watu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakijaribu kamera kwa kazi nyingine, waliinasa kwa bahati. Sasa ni sehemu ya kawaida ya elimu ya radi. Kurasa za marubani zilikuwa tupu upande wa kulia muda wote huo, na hazikuwa na kosa.

Ukurasa wangu mtupu wa sasa ni taa ya Wanale. Watu wasiojuana wameniambia kuhusu mwanga unaotembea juu ya genge, usiku wa baada ya mvua, ukienda pole upande mmoja kisha ukizimika. Inaweza kuwa tochi ya mtu anayefuata ng'ombe. Hayo nimeyaandika kulia kwa penseli. Nimewaomba watu wanne, mmoja Namakwekwe, mmoja Nkoma, mmoja Malukhu, mmoja karibu na stesheni, kila mmoja awe na saa iliyowekwa sawa na ya mwenzake na awe amepiga msumari kwenye nguzo atakaposimama. Taa ikionekana, asimame pale, anyooshe mkono, amwombe mtu wa nyumbani apige mstari wa chaki chini kufuata mkono, aandike saa. Wasipigiane simu mpaka karatasi zifike kwangu. Mistari minne ikikutana kwenye ramani mahali pamoja, tutapanda kwenda kuona ni wapi.

Juzi usiku mvua ilinyesha. Wa Namakwekwe ameleta karatasi yake leo asubuhi: saa 2:17, mkono juu ya maporomoko ya pili kutoka kushoto, mwanga wa njano, umekaa muda wa kuhesabu hadi arobaini. Wa Malukhu amesema yake anaileta baada ya swala ya adhuhuri. Nimekataa asinisomee kwa simu.